Kondo Halivutwi

Usiku ule Katune alipozaa, mimi ndiye niliyeshika tochi. Ilikuwa tochi ya simu, chaji imebaki asilimia 11, na Susu alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi la zizi kama mtu anayesali. Hii ilikuwa Mwingi, kaunti ya Kitui, miezi michache baada ya mimi kuacha chuo. Karo ilikuwa imenishinda, kodi ya nyumba Nairobi nayo ikanifuata mbio, nikaona wacha nirudi shags nijipange.

Katune alikuwa mbuzi mwekundu, ndiyo maana ya jina lake. Alizaa mapacha. Wote wawili walikuwa wameshasimama, wanayumbayumba wakitafuta chuchu. Lakini nyuma ya mama yao kulikuwa kunaning'inia utando mrefu mwekundu, umejaa vifundo kama vifungo vya koti. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikanyoosha mkono.

Susu akanipiga kofi la vidole.

"Kondo halivutwi."

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunangoja."

"Hadi saa ngapi?"

"Hadi litoke. Likikaa mpaka kesho asubuhi, tutamwita daktari wa mifugo. Wewe shika taa."

Akamletea Katune maji ya uvuguvugu, akawasogeza watoto kwenye kiwele, kisha akakaa chini. Baada ya kama saa mbili hivi kondo likaanguka lenyewe. Susu akaliokota kwa mikono mitupu, akalikunjua kwenye mwanga, akalitazama pande zote kama mtu anayekagua kitambaa dukani. "Limetoka lote," akasema. Akachimba shimo nyuma ya zizi, akalifukia mbwa wasilipate, akamwagia mikono yake maji kidogo na kuifuta kwenye leso.

Hiyo mikono tutairudia.

*

Kazi niliyokuwa nafanya kule shags ni ile wengi wa rika langu tunaijua: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Wao wana chuo, hawana muda. Mimi nilikuwa na muda, sina chuo. Wiki chache baada ya Katune kuzaa ikaingia oda ya historia ya anatomia, kurasa nane, kuhusu Andreas Vesalius. Nilitarajia kusoma habari za madaktari na maiti. Nikakuta mbuzi.

Na si mbuzi mmoja. Ukifuata historia ya jinsi binadamu alivyojaribu kuelewa tumbo la uzazi, mbuzi anakutangulia kila mahali, na anaanza zamani kuliko vitabu. Kwenye milima ya Zagros, upande wa magharibi wa Iran, kuna kilima kinachoitwa Ganj Dareh ambako watu walifuga mbuzi karibu miaka 10,000 iliyopita. Mwaka 2000, Melinda Zeder na Brian Hesse walichapisha utafiti wao wa mifupa iliyochimbuliwa pale. Madume walichinjwa wakiwa wachanga. Majike waliachwa wakue, wazae na kuzaa tena. Huhitaji digrii kuona maana yake. Mwindaji hulenga mnyama mkubwa mwenye nyama. Mfugaji humwacha jike, kwa sababu mali yenyewe iko ndani ya lile tumbo. Ufugaji wenyewe ulianza pale mtu alipoamua kungoja jike azae.

Mifugo ilipofika pande za Ziwa Turkana, kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, bila shaka ilikuja na watu waliojua kungoja hivyo. Hakuna aliyeandika walichojua. Walioandika walikuwa wengine, mbali sana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Chukua Aristotle, Ugiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo. Aliona jambo la kweli kabisa: ng'ombe, kondoo na mbuzi, wanyama wenye pembe wasio na meno ya mbele kwenye taya la juu, wana vifundo ndani ya tumbo la uzazi wakiwa na mimba. Wagiriki waliviita kotiledoni, maana yake vikombe vidogo. Ni vile vile nilivyoviona kwa tochi ya simu. Lakini akaongeza kwamba vifundo hivyo huendelea kupungua kadiri mtoto anavyokua, na kwamba mtoto akikamilika huwa vimeisha kabisa.

Nilisoma hapo mara mbili. Mimi si mtu wa sayansi, lakini nilikuwa nimeviona vifundo vya Katune baada ya watoto kutoka, vinono, vimejaa damu. Havikuwa vimeisha. Ukweli ni kwamba mwisho wa mimba vifundo bado viko pale, vikubwa na vinafanya kazi, na kupungua hasa kunakuja baada ya kuzaa. Mchungaji yeyote wa Ugiriki aliyewahi kukagua kondo angemwambia.

Kisha akaja Galen, daktari kutoka Pergamon aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2. Roma ya wakati wake haikuwa mahali pa kupasua maiti za watu, kwa hivyo alipasua nyani, nguruwe na mbuzi. Kuna kisa chake kimoja ninachokipenda sana. Alimpasua mbuzi aliyekaribia kuzaa, akamtoa mtoto akiwa hai, akamweka mahali palipopangwa mabakuli: mvinyo, mafuta, asali, maziwa, nafaka, matunda. Mtoto ambaye hajawahi kumwona mama yake akajikung'uta, akanusa bakuli moja baada ya jingine, kisha akanywa maziwa. Galen na waliokuwa naye wakashangilia.

Tatizo ni kwamba Galen alichukua alichokiona kwa wanyama akakihamishia kwa wanawake. Tumbo la uzazi la mbuzi lina pembe mbili ndefu, na watoto hulala humo. La mwanamke ni mfuko mmoja, kama parachichi lililogeuzwa juu chini. Lakini kwa zaidi ya miaka 1,300 madaktari wa Ulaya, na wengine wengi waliomsoma Galen, waliendelea kufundishwa tumbo lenye pande mbili, mvulana kulia, msichana kushoto. Mwanamke akiumwa, aliyekuja kumtibu alikuwa na mbuzi kichwani.

Mwaka 1543 Vesalius, profesa kijana wa Padua, akatoa kitabu chake kikubwa kilichochapwa Basel, na humo akasema waziwazi kwamba Galen hakuwahi kuliona tumbo la uzazi la mwanamke hata ndotoni, aliona la ng'ombe, la mbuzi na la kondoo tu. Jamaa alichana kabisa. Lakini subiri. Katika kitabu hicho hicho kuna mchoro wa mtoto wa binadamu na kondo lake, na kondo lile ni la mbwa. Vesalius, aliyemcheka Galen kwa kutumia mbuzi, alitumia mbwa. Alirekebisha katika toleo la 1555.

Nilimaliza oda, nikalipwa, nikanunua unga na sukari. Mwenye insha sijui alipata alama gani. Ila mimi nilibaki na swali. Hao wote walitazama tumbo la mnyama aliyekufa, wakati mimba bado imo ndani. Je, tumbo linafanya nini usiku ule baada ya kuzaa, wakati sisi tunangoja na tochi?

*

Linafanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani.

Mimba ya mbuzi huchukua siku kama 150. Kufikia mwisho, tumbo la uzazi limetanuka mara nyingi kupita ukubwa wake wa kawaida, na ndani yake kuna vifundo kama 100 na zaidi ambapo kondo limejishikiza. Kila kifundo ni kama kifungo kwenye tundu lake: nyama ya mama na nyama ya kondo zimeingiliana, chakula kikapita kutoka damu hii kwenda damu ile bila damu zenyewe kuchanganyika.

Mtoto akishatoka, lazima vifungo vyote vifunguke. Kitovu kinakatika, damu upande wa kondo inaisha, misuli ya tumbo inaendelea kukaza na kulegea, kukaza na kulegea, na kifungo kimoja kimoja kinaachia. Kwa mbuzi wengi kazi hiyo huisha ndani ya saa chache. Ikipita nusu siku, kuna shida. Mtu akivuta kabla ya wakati, vifungo havifunguki, vinachanika. Mbuzi anaweza kuvuja damu, vipande vikabaki ndani vikaoza, au tumbo lenyewe likafuata mkono na kutoka nje. Lile kofi la vidole lilikuwa na maana.

Hata kuwasogeza watoto kwenye kiwele kuna sababu yake. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huachilia homoni ya oksitosini, inayoshusha maziwa na pia kukaza tumbo la uzazi. Mwaka 1906 Henry Dale, huko London, aliona kwamba maji yaliyotolewa kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, hufanya tumbo la uzazi la paka likaze. Susu hakuwahi kumsikia Dale. Alijua tu kwamba mbuzi anayenyonyesha mapema husafika mapema.

Baada ya hapo zinafuata wiki tatu hadi nne ambazo hakuna mtu anayezitazama, kwa sababu kwa nje mbuzi anaonekana mzima. Ndani, tumbo linasinyaa haraka, hasa wiki ya kwanza. Uso wa vile vifundo unakufa na kubambuka. Askari wa mwili wanaingia kula mabaki na vijidudu vilivyoingia wakati mlango uko wazi. Uchafu unatoka kidogokidogo, majimaji ya rangi ya damu iliyoiva, bila harufu mbaya, kwa wiki mbili au zaidi. Chini ya kidonda ngozi mpya ya ndani inatambaa kutoka kando hadi ifunike kila kifundo. Kufikia mwezi mmoja hivi, tumbo limerudi karibu na lilivyokuwa, na vifundo vimebaki vinundu vidogo vinavyongoja mimba ijayo.

Kila asubuhi Susu alikuwa anainua mkia wa Katune, anatazama, ananusa. Nilidhani ni mambo ya wazee. Kumbe alikuwa anasoma ripoti. Rangi ikiwa sawa na harufu ikiwa hakuna, kazi inaendelea. Ikinuka, kuna kitu kimebaki.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka kumaliza hii makala, kusema kweli. Nyanya wa Mwingi anajua kuliko Aristotle, makofi, tunaenda nyumbani. Lakini Susu akaugua.

*

Ilianza kama uchovu. Kisha homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, jasho hadi shuka inalowa, viungo vinauma, mgongo haukunjiki. Mwanamke aliyekuwa anachota maji kabla ya jua kuchomoza akaanza kukaa kitandani hadi saa nne.

Tulimpeleka kituo cha afya. Malaria. Akameza dawa, akapata nafuu siku tatu, homa ikarudi. Tukaenda kwingine. Taifodi. Dawa tena. Mara ya tatu tukaambiwa ni uzee. Miezi minne ilipita hivyo, na kila safari ni nauli, ni mbuzi mmoja anauzwa, ni mimi naandika insha usiku kucha.

Mara ya nne tulimkuta kliniko ofisa kijana, pengine wa umri wangu. Alimsikiliza Susu hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza:

"Susu, unafuga mbuzi? Nani huwazalisha?"

Damu ikapimwa. Brusela.

Nilijua neno hilo kwa masikio tu, kama unavyojua jina la mtaa ambao hujawahi kufika. Nikafanya ninachojua kufanya: nikasoma. Na nikajikuta tena kwenye historia ya tumbo la mbuzi, safari hii kisiwani Malta.

Karne ya 19 Malta ilikuwa ya Waingereza, imejaa wanajeshi na mabaharia, na walikuwa wanaugua homa isiyoisha: inapanda, inashuka, inarudi, viungo vinauma, mtu anakaa hospitali miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi David Bruce alitangaza kwamba amekipata kijidudu kwenye wengu za askari waliokufa. Huyo huyo Bruce alifika Entebbe mwaka 1903 kuchunguza ugonjwa wa malale. Lakini Malta, kwa miaka kama 18, hakuna aliyejua kijidudu kinatoka wapi. Walishuku hewa, vumbi, mbu, maji machafu.

Mbuzi hawakushukiwa, maana walikuwa wazima. Walipita mlango kwa mlango, wakikamuliwa hapo hapo mteja akiona. Mwaka 1905 daktari Mmalta, Themistocles Zammit, akapima damu ya mbuzi waliokuwa hawaonyeshi dalili yoyote. Wengi walikuwa nacho. Kilikuwa kwenye damu yao na kwenye maziwa. Mwaka huo huo mbuzi wa Malta walisafirishwa kwa meli kwenda Marekani, na mabaharia waliokunywa maziwa yao njiani wakaugua.

Mwaka 1906 maziwa ya mbuzi yaliondolewa kwenye meza za wanajeshi, na homa kambini ikashuka ghafla. Kesi imefungwa, au sivyo? Sivyo. Raia wa Malta waliendelea kukamuliwa maziwa mlangoni, na kuugua. Kiwanda cha kuchemsha maziwa kwa usalama kilikuja 1938. Kutoka kambini hadi mtaani, ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, elimu ilichukua zaidi ya miaka 30.

Na maziwa ni nusu ya habari. Makao anayoyapenda sana kijidudu huyu, aliyepewa jina la Brucella kwa heshima ya Bruce, ni tumbo la uzazi lenye mimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanasayansi Uingereza waligundua kwamba kondo la ng'ombe, mbuzi na kondoo lina sukari inayoitwa erithritoli, na Brucella huishambulia kama nzi kwenye embe. Ndiyo maana wanyama hawa hutupa mimba, mara nyingi miezi ya mwisho. Kondo la binadamu halina sukari hiyo kwa kiasi kile, ingawa mwanamke mjamzito naye anaweza kupoteza mimba kwa ugonjwa huu.

Lakini si kila mbuzi mwenye brusela hutupa mimba. Wengine huzaa vizuri, watoto wazima, kila kitu sawa. Na wakizaa, kondo lao, maji yao, na ule uchafu wa wiki zinazofuata hubeba vijidudu wengi mno. Tumbo linaweza kuwa limesinyaa na kupona, na bado likaendelea kuvitoa kwa miezi miwili au mitatu. Havina rangi na havina harufu. Vinaingia kwenye mchubuko mdogo wa kidole, au jicho likirukiwa na tone.

Nikaikumbuka ile mikono, lile kondo lililokunjuliwa kwenye mwanga wa simu yangu, na ile leso.

*

Afisa wa mifugo alikuja kutoa damu mbuzi wote kumi na wanne. Wawili walipatikana nayo. Mmoja alikuwa Katune.

"Huyu hajawahi kutupa mimba," Susu alimwambia. "Amezaa mara tano. Hata moja hajatupa."

"Najua, mama. Hata wale wa zamani walidanganywa hivyo."

Hakusema Malta, lakini nilijua anazungumzia nini. Hatuwezi kusema kwa uhakika Susu aliambukizwa usiku ule, au miaka kumi nyuma, au kwa maziwa mabichi aliyopenda kuonja wakati wa kukamua. Sote nyumbani tulipimwa. Mimi nilitoka safi. Nilikuwa nimezuiwa kugusa kondo kwa sababu moja, nikaokolewa kwa sababu nyingine ambayo aliyenizuia hakuijua.

Wale mbuzi wawili walichinjwa. Afisa alivaa glavu hadi kwenye kiwiko, akasema tumbo la uzazi lisifunguliwe, lizikwe zima, shimo refu. Mimi ndiye niliyechimba. Baada ya kusoma yote hayo, kuanzia vikombe vya Aristotle hadi pembe za Galen, tumbo lenyewe sikuliona.

Susu alimeza dawa aina mbili kwa wiki sita, akilalamika tumbo linamchoma. Jasho la usiku likaisha. Mgongo haujarudi sawa, na sasa maji anachotewa. Kitu kinachoniuma si kwamba hakujua. Alijua mengi: kungoja, kutazama, kunusa, kufukia. Kinachoniuma ni kwamba jambo moja lililobaki lilishajulikana tangu 1905, liko vitabuni, linafundishwa, linafanyiwa mtihani, na kwa miaka yote aliyozalisha mbuzi hakuna aliyepanda ile njia ya kwetu kumwambia. Hata mimi nililikuta nikitafuta kwa nini anakufa polepole, si nikiwa darasani.

Sasa sisi wa mjini tunasema shags tunaenda kupumzika, tunapiga picha na watoto wa mbuzi, tunanyweshwa chai ya maziwa na kusifu ladha. Ukienda Desemba, pitia agroveti ununue pakiti ya glavu ndefu. Hakikisha maziwa yamechemka kabisa kabla ya kunywewa. Uliza ni nani huwazalisha mbuzi, na kama ana homa inayokuja jioni. Hilo swali la kliniko ofisa halihitaji cheti.

Mwezi wa Machi mbuzi mwingine wa Susu alizaa, usiku tena. Safari hii mimi ndiye niliyepiga magoti, nimevaa glavu zilizonifika kiwikoni, na Susu ndiye aliyeshika tochi, amekaa kwenye kiti cha plastiki na blanketi mabegani. Alinicheka sana. Alisema nafanana na mtu anayeenda kuosha choo.

Kondo lilikuwa linaning'inia. Nikatulia, mikono mapajani.

"Saa ngapi sasa?" nikamuuliza.

"Ngoja tu," akasema. "Wewe shughulika na glavu zako. Hiyo nyingine yeye anaijua."